Mwizi wa Picha za Uluguru

Hasira ninazo mpaka leo, ila sina wa kumtolea. Mimi ni afisa mawasiliano wa ofisi moja hapa Kihonda. Wiki nzima blogu isiyo na jina la mwenyewe ilikuwa inatutangulia kutoa picha zetu za Uluguru. Mpigapicha ni Mwanaidi, na picha ananitumia mimi tu. Nikafura, nikamshitaki kwa bosi, akatakiwa aandike barua ya kujieleza.

"Kaka, mimi hata blogu sina."

"Usinichezee akili."

Jana kikaoni fundi wa kompyuta akabonyeza "umesahau nywila" kwenye blogu ile, tuone ujumbe utaenda kwa nani. Simu yangu ikalia mezani. Ni blogu niliyoifungua chuoni nikaisahau, na simu ilikuwa bado inairushia yenyewe kila picha ninayotumiwa.

Mwanaidi akanisogezea kalamu.