Mwamba Niliouogesha

Mpwa wangu anakata mawe, na kazini wanamwita Bi Milimita. Jina alipewa na fundi wa mashine ya kuponda, siku alipomwona anaikataa sampuli yake mwenyewe mara tatu kwa kosa la unene wa unywele.

Mimi mjomba wake ni dereva wa maabara hiyohiyo. Mawe hayaji kwa miguu, kwa hiyo nusu ya sifa zake ni zangu. Akibisha, mama yake ni dada yangu, atanitetea.

Kabla daraja halijajengwa, wachimbaji hutoboa ardhi na kutoa mwamba wa mviringo kama mchi. Mpwa wangu huukata, urefu usipungue mara mbili ya upana, kisha husugua ncha ziwe bapa. Ndipo unapondwa, ijulikane utahimili mzigo gani. Ncha ikipinda, jibu ni uongo.

Jumatatu moja nilileta sanduku la mwamba wa kijivu, limetapakaa matope. Mtu nadhifu kama mimi, nikaona haya. Nikafungua bomba, nikaosha vipande vyote mpaka vikang'aa, nikaenda zangu kunywa chai.

Niliporudi nilikuta uji.

"Mjomba," akasema taratibu, "umeuogesha mwamba wa udongo?"

"Nimeupendezesha."

"Umeupendezesha mpaka umeyeyuka."

Kilipona kipande kimoja tu, kilichokuwa kimeviringishwa nailoni pembeni. Na wahandisi walikuwa wanakuja kesho yake asubuhi. Mkuu wa maabara alishatamka: sampuli ikitoka sawa, Bi Milimita anakabidhiwa chumba cha kukatia, ikiharibika, mtambo urudi kutoboa upya, na chumba apewe mwingine.

Sasa, msumeno wa mashine hupozwa kwa maji, na maji ndiyo sumu yenyewe.

"Usiogope, mjomba wako nipo," nikamwambia.

"Ndiyo maana naogopa. Shika hapa, na usipumue."

Akakiacha kipande ndani ya nailoni yake, akakibana kwenye bomba la plastiki lililopasuliwa, akakata kwa msumeno wa mkono, kikavu, polepole kama anayemnyoa mtoto aliyelala. Mikono yangu ilikufa ganzi. Kisha akagundisha msasa juu ya kioo, akaanza kusugua ncha.

Alipima kwa kibati chembamba. Kikapenya chini ya ncha, maana yake bado haijawa bapa. Akasugua. Kikapenya tena. Kila akisugua, urefu unapungua, na ilibaki milimita moja tu ya akiba.

"Hapo panatosha, mama," nikasema.

"Panatosha kwa dereva."

Akasugua mara ya tatu. Kibati kikagoma. Akapima urefu, akacheka peke yake. Nami nikapumua, maana mpaka hapo nilikuwa sijaruhusiwa.

Asubuhi mashine iliubana mwamba mbele ya wahandisi. Ulistahimili, ukastahimili, kisha ukapasuka sawasawa kutoka juu hadi chini. Mhandisi mzee aliokota ncha, akaipapasa kwa kidole gumba, akauliza nani kaitengeneza. Kufika saa nne mpwa wangu alikuwa na ufunguo wa chumba mfukoni.

Amri yake ya kwanza aliibandika juu ya bomba la maji, kwa herufi kubwa: MJOMBA ASIGUSE.

Wengine wanacheka wakipita. Wacheke. Katika maabara nzima, ni nani mwingine ametajwa ukutani?