Makofi Mawili Ubavuni

Madereva wapo wengi, halafu yupo Mama Usukani. Miaka na miaka aliendesha basi dogo la abiria kutoka sokoni hadi uwanja wa ndege, mumewe akiwa ndiye konda, amening'inia mlangoni. Abiria wakishatulia, mume alipiga bodi kwa kiganja, pa! pa!, na mama akaondoa gari bila hata kugeuza shingo. Kofi moja, simama, mawili, twende. Ndoa nzima ilienda hivyo, na ilikwenda kweli!

Mgongo wa mume ulipogoma, gari likauzwa. Mama hakukaa kulia. Akaomba kazi ndani ya uwanja ule ule, kuendesha basi refu linalotoa wasafiri ukumbini na kuwafikisha kwenye ndege. Wakamweka kwenye majaribio. Asubuhi ya siku ya mwisho, mume akamtania, "Leo nani atakugongea?"

"Nitajigongea mwenyewe. Wewe kunywa dawa zako."

Majivuno hayo! Safari ya kwanza tu, milango imeshafungwa, kiganja kikalia ubavuni: pa! pa! Mguu ukakanyaga mafuta kabla akili haijaulizwa. Ndani bibi mmoja akapiga yowe, "Jamani, mume wangu!" Babu wa watu alikuwa ameshuka kuokota fimbo yake, akagonga basi ili asubiriwe. Masikini, alidhani anaomba, kumbe anaamuru.

Mama akafunga breki. Babu akapanda salama salimini, anahema. Lakini msimamizi wa madereva alikuwa pale pale, mikono kiunoni.

"Mama, kulikoni?"

"Nimegongewa, nikaondoka. Kosa langu, bosi." Kazi hii aliitaka kwelikweli.

"Hapa hatuendi kwa makofi. Funga milango, tazama vioo, ngoja ninyooshe mkono. Ukirudia, ndiyo basi tena, unakwenda nyumbani."

"Sirudii."

Safari iliyofuata, basi likajaa, milango ikafungwa. Mama akatazama kioo cha kulia, cha kushoto. Mara, pa! pa! Alikuwa msimamizi mwenyewe, kasimama nyuma kule anamtega, mtu mbaya yule! Mguu ukamwasha. Ulilijua kofi hilo kuliko ulivyokijua kiatu chake. Mama akaukaza pale pale kwenye breki.

"Dereva, tunangoja nini?" abiria mmoja akauliza.

"Tunangoja mkono, mwanangu. Tulia."

Msimamizi akazunguka mbele, akamtazama, akajaribu kununa, ikamshinda. Akacheka, kisha akanyoosha mkono.

Hapo ndipo Mama Usukani alipotoa kiganja dirishani, akaupiga mlango wake mwenyewe, pa! pa!, akaondoa basi.