Fundi Anayeamkia Kioo

Fundi wa kompyuta wa hapa Lushoto hupima kadi ya picha, ile inayoiwezesha kompyuta kuonyesha video, kwa kiganja, kama mama apimavyo homa. Kila mzee anayetokea kwenye kioo cha kompyuta humwamkia. Adabu, anasema, haikatiki kama umeme.

Mama Secilia, mjane, alitaka mashine ya kumtazamia marehemu mumewe kwenye sidii ya harusi. Kwenye laptopu picha iliruka-ruka. “Shikamoo, mzee,” akasema fundi. Marehemu akaendelea na pilau lake. Kwenye kompyuta ya mezani picha ilitiririka kama ukungu. “Shikamoo, mzee.” Marehemu akaacha kutafuna, akatugeukia. “Marahaba.”

Fundi akaweka kiganja juu ya kompyuta. Kasha lilikuwa la baridi. “Hii ina nguvu, mama. Haikosi kitu.”

“Nipe ile dhaifu, mwanangu. Huyu akianza kujibu, hanyamazi.”