Tawi Nililomkatia Mama Mwalimu

Mtu asije akaniambia nilikosea. Kukosea ni kufanya jambo bila kujua, na mimi nilijua vizuri sana.

Nilipoolewa huku Mbeya, miaka ya hamsini, nilitoka Iringa na sanduku moja na debe la mafuta ya taa lenye mche wa waridi ndani. Nilikuwa nimemlelea watoto mama mmoja wa Kizungu kwenye shamba la chai, naye alipokuwa anarudi kwao akanipa mche huo kama asante. Debe nililipakata kwenye lori siku nzima, vumbi lote la kule Rujewa likaniishia kichwani. Waridi lilipochanua, watu waliokuwa wanateremka sokoni Mbalizi waliacha njia kuja kulitazama. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyodondokewa na wino. Nani alikuwa ameona waridi la namna hiyo?

Kulitunza si mchezo. Waridi lile limeungwa: mizizi ni ya waridi la mwitu, na juu yake limepandikizwa hilo la fahari. Pale yanapokutana pana kifundo. Chipukizi likitokea chini ya kifundo ni mwitu mtupu, unaling'oa mapema, ama sivyo linameza mti mzima. Yule mama wa Kizungu alinionyesha mara moja tu, nikashika.

Jirani yangu alikuwa mke wa mwalimu wa kanisa, tukimwita Mama Mwalimu. Alikuwa na watoto saba. Mimi mwaka wa sita wa ndoa sikuwa na hata mmoja, kwa hiyo hapakuwa na jina la mtoto la kuniitia. Wenzangu wote walikuwa mama fulani na mama fulani, mimi bado "bibi arusi". Siku moja akina mama tulikuwa tunasafisha kanisa, nikaleta maua yangu niyaweke madhabahuni. Mama Mwalimu akayatazama, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Mwacheni. Hana mtoto wa kulea, ndiyo maana analea miiba."

Wakacheka. Wote! Nami nikacheka nao, huku roho inanipasuka. Nikasema moyoni: neno hili utalirudisha, na utalirudisha mbele ya hawa hawa. Nikamweka kiporo.

Haukupita mwaka akaja uani kwangu, meno yote nje. "Bibi arusi, jirani yangu, nikatie tawi. Binti yangu kachumbiwa, na mahari bado inazungumzwa. Mpaka tuje tufunge ndoa litakuwa limeshika. Nataka aingie kanisani na ua hilo mkononi."

Nikamkaribisha kiti. Nikampa nafasi ya kusema neno moja tu, hata pole. Wapi! Akakaa anasifia waridi.

"Subiri hapo, Mama Mwalimu," nikamwambia. Nikainama nikapapasa chini ya kifundo, nikakuta chipukizi nono nililokuwa sijaling'oa. Nikalikata pamoja na kipande cha mzizi. "Hili lina nguvu," nikasema, na sikusema uongo.

Loo, alilitunza! Samadi ya ng'ombe, majivu, kiangazi anapandisha maji ya mtoni kwa kichwa. Likapanda mpaka kwenye paa. Majani yake yalikuwa saba kila kikonyo, ya kwangu matano, mwenye macho angeona. Macho yake yeye yalikuwa kwenye sifa. Kila Jumapili anatangaza ua atakaloshika mwanawe, nami namwambia ongeza samadi, mama. Miaka miwili hiyo nilinenepa.

Wiki ya ndoa likafumuka. Viua vidogo vyeupe, vya kichakani kabisa! Nilisimama uani kwangu nikavitazama mpaka nikashiba. Nilijua watakuja kuniomba ya kwangu, kwa hiyo asubuhi ya ndoa nilikata maua yote nikamtupia ng'ombe. Binti akaingia kanisani mikono mitupu.

Siku ya usafi iliyofuata, akina mama wale wale tukiwa tumekaa, Mama Mwalimu akasimama. Nikajiweka sawa: leo analirudisha. Akapiga magoti mbele yangu, mtu mzima yule, machozi yanamtoka.

"Dada yangu, nisamehe. Ulinipa kitu kizuri nami nimekiharibu. Sina mkono wako. Nimelitunza vibaya mpaka limegeuka."

Akina mama wakaguna kwa huruma. Nikamtazama mdomo, nikangoja aendelee, nikangoja lile la mtoto na miiba. Akajifuta macho kwa kanga, akainuka. Kumbe basi! Neno lililoninyima usingizi, yeye hakuwa hata analikumbuka.

"Nikatie jingine, dada," akasema. "Safari hii nitaliangalia vizuri."

"Njoo kesho," nikamwambia.

Akaja mapema, umande haujakauka, akanikuta nimeshapiga magoti shinani, napapasa chini ya kifundo.