Kila Septemba Nilijifanya Mjinga

Hapa Eldoret ukisema ulikuwa mwanamichezo ughaibuni, watu wana swali moja tu: mbio gani? Nikijibu kwamba sikuwa mkimbiaji, mtu ananitazama mabega, ananitazama shingo, kisha hamu inamwisha. Fundi viatu mmoja wa Kimumu ndiye pekee aliyewahi kuendelea kuniuliza. Nilimwambia nilikuwa beki wa hoki ya barafuni kule Kanada, misimu kumi na moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

"Barafu kama ya friji?"

"Hiyo hiyo. Unavaa viatu viko na chuma chini, unateleza."

"Na beki anafanya nini?"

"Anagonga watu. Na anagongwa."

Alivuta uzi mara mbili huku akifikiri. "Sasa hiyo si ni vita, na hakuna mtu amekukosea?"

Nilicheka hadi nikashika ukuta wa kibanda chake. Makocha wangu wote hawakuwahi kuieleza kazi yangu vizuri namna hiyo.

Nilipelekwa huko na mama yangu mdogo, muuguzi, nikiwa na miaka tisa. Wazazi wangu walikuwa watu wa magharibi mwa Kenya waliokuja Eldoret kutafuta kazi, baba akawa karani, na nafasi ya mtoto mmoja kwenda kusoma ng'ambo haikuwa jambo la kujadiliwa. Sikuwa na kipaji cha hoki. Wenzangu walikuwa wakiteleza tangu wana miaka mitatu, mimi nilianza nikiwa mkubwa, nikianguka kila hatua huku wakinicheka. Nilichokuwa nacho ni mwili na ukaidi, na kwa beki hivyo viwili vinatosha kukufikisha kwenye timu za miji midogo. Ligi kubwa niliiona kwenye televisheni kama kila mtu.

Kazi ya beki ni kujua kila mtu yuko wapi bila kumtazama. Goli liko mgongoni, maadui wanakuja mbele, mmoja amepita pembeni, na wewe lazima uwe nao wote kichwani. Kisahani cha raba ngumu, ambacho ndicho mpira wetu, kikirushwa, unajilaza mbele yake. Nilivunjika taya, nikapoteza meno matatu, na mara tano niligongwa kichwa hadi nikaona weupe mtupu. Hizo tano ni zile ninazozikumbuka.

Niliporudi kumzika baba sikuwa na timu iliyokuwa ikiningoja, kwa hiyo sikuondoka tena. Nilimpata mke wangu nyuma ya kaunta ya duka lake hapo Kimumu. Watu wake walitoka Mkoa wa Kati zamani wakawa wakulima Chepsaita, na yeye akachagua biashara. Alinichukua na meno yangu ya bandia, tukajaliwa binti mmoja. Kwa kuwa duka linamtaka mwenyewe kutwa nzima, malezi niliyashika mimi. Kumwogesha, kumpikia uji, kumsuka hata kama nywele zilitoka upande. Nasema bila haya kwamba tangu nivue vile viatu vya chuma sikuwa nimepata kazi nyingine ya kuipenda, na hii niliipenda kuliko hata ile ya kwanza.

Binti yangu alikuwa na miaka minne siku niliyokwenda naye kwenye soko la mji wa Ziwa kununua kuku wa kutaga. Nilichagua wanne, nikabishana na mwenye kuku kwa raha zangu, nikawafunga miguu, nikawapakia nyuma ya pikapu na kuondoka. Nilifika Kimumu nikipiga mbinja. Mke wangu alitoka dukani akifuta mikono, akachungulia ndani ya gari.

"Mzee, mtoto ako wapi?"

"Mtoto gani?"

Ndivyo nilivyomjibu, na sikuwa natania. Kwa muda ambao siwezi kuupima sikuwa na mtoto hapa duniani. Nilikuwa mwanamume mwenye kuku wanne, nimeridhika, nikishangaa kwa nini mke wangu amebadilika uso.

Alininyang'anya ufunguo akaacha duka wazi na wateja ndani. Alimkuta mtoto ameketi juu ya gunia kwa mama mmoja wa kabichi, amefungwa leso, anakula mahindi ya kuchemsha. Hakuwa akilia. Aliwaambia watu kwamba Dadi ameenda kuweka kuku na atarudi.

Nilitamani mke wangu anipigie kelele, lakini hakupiga. Alimlaza mtoto, akaja kuketi mbele yangu.

"Utaenda upimwe kichwa. Daktari akisema inaharibika, mtoto ataenda kukaa kwa mamangu Chepsaita, na ukienda kumwona kutakuwa na mtu hapo. Akisema uko sawa, hii maneno hatutairudia."

Nilikubali. Mpaka majibu yatoke mtoto akawa anashinda dukani na mamake. Nilijua kabla ya Ziwa. Nilikuwa nimepotea njia nikitoka kanisani, njia ninayoipita kila Jumapili. Nilikuwa nimevunja mlango wa kabati kwa teke kwa ajili ya kijiko. Kuna asubuhi nilizolia juu ya sinki bila sababu yoyote, nikafungua maji ili nisisikike. Yote hayo niliyafukia, nikajikaza kisabuni.

Daktari alikuwa binti mdogo, mwenye subira. Alinipima karibu saa mbili: kumbuka haya, hesabu kurudi nyuma, chora saa, bonyeza kitufe cha kompyuta. Kisha akaweka kalamu chini.

"Mzee, kichwa si kama goti. Nikiangalia leo peke yake siwezi jua umepoteza nini. Huko ulikuwa, hawakuwahi kukupima?"

Mke wangu alinitangulia kujibu, uso umemchangamka. "Walikuwa wanampima kila mwaka! Ameniambia."

Ni kweli nilimwambia, siku moja nikijisifu jinsi timu zilivyotutunza. Sikumwambia yote. Niliandika barua pepe kwa tabibu wa timu yangu ya mwisho, na baada ya wiki mbili zikaja karatasi za misimu yote kumi na moja, maana zilinifuata kila timu, zimepangwa vizuri.

Sasa niseme nilichofanya. Kila Septemba, kabla ya msimu kuanza, tuliketishwa mbele ya kompyuta. Yanatokea maneno, yanafutika, unaulizwa uliyaona yapi. Yanatokea maumbo. Rangi ikibadilika unabonyeza kitufe. Alama zako zinahifadhiwa, na ukigongwa kichwa katikati ya msimu unapimwa tena. Zikiwa zimeshuka, huruhusiwi kucheza mpaka zipande. Mwaka wangu wa kwanza beki mmoja mkongwe, aliyekuwa akivalia jezi kando yangu, aliniambia niharibu kipimo hicho. Nisizidishe, kwa sababu kompyuta humkamata anayezidisha. Nikosee maneno mawili matatu, nichelewe kidogo kubonyeza. Nikigongwa baadaye na akili ikafifia, alama zitatoka zile zile, nami nitarudi uwanjani.

Mabeki wengi walifanya hivyo, maana anayekaa nje wiki tatu anakuta mwingine amekalia nafasi yake. Mimi nilikuwa hodari wa mchezo huo kuliko hoki yenyewe. Nilikunja uso nikijifanya natafuta neno ambalo lilikuwa pale pale ulimini. Nilihesabu pumzi moja kabla ya kubonyeza. Nilitoka chumbani nikijiona mjanja. Na mara zote tano nilizoona weupe nilipimwa nikakutwa sijapungukiwa kitu, nikarudishwa kwenye barafu baada ya siku chache kwenda kugongwa tena.

Daktari alizitandaza karatasi mezani, zake na za zamani, akazilinganisha kwa kidole.

"Sioni tofauti ya maana, Mzee. Vile uko leo ndivyo ulikuwa ukiwa kijana. Hata picha ya kichwa ni safi. Pengine ni mawazo tu, pengine hulali vizuri."

Mke wangu alifunika uso kwa mikono miwili. Tulipotoka nje ya chumba alinishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya kamwe, akasema, "Nisamehe. Nilikufikiria vibaya."

Nikamwambia hakuna shida. Ni mtoto wake niliyemsahau sokoni, halafu yeye ndiye anayeomba msamaha, na mimi nikaupokea. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale kwenye baraza ya hospitali.

Kuna jambo ambalo daktari hakuweza kuliona, nami nililiona mara moja. Siku aliyonipima sikujifanya. Nilijitahidi kwa nguvu zangu zote, jasho likinitiririka kwapani, kwa sababu nilitaka kubaki na mtoto wangu. Na kwa juhudi zangu zote nikapata alama zile zile nilizokuwa nikipata nikijifanya mjinga.

Nilinyamaza. Ripoti ilinirudishia binti yangu, na mimi nikajiambia kwamba karatasi ni karatasi. Nitakuwa mwangalifu. Nitaandika kila kitu kwenye simu. Sitakwenda naye sokoni tena.

Siku ya kwanza niliyobaki naye tena nilikuwa naanika nguo uani, naye anacheza kando ya banda la kuku. Akasema, "Dadi, niko."

"Sawa, mama," nikamjibu.

Muda kidogo ukapita. "Dadi, niko hapa."

Alisema akiwa amejificha nyuma ya shuka. Alisema kwa sauti akiwa chooni. Nikiwa jikoni alikuja mlangoni, akasema, akarudi kwenye michoro yake. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Siku ya tatu nikaona kwamba hachezi tena. Hakuweza kukaa na kitu chochote muda mrefu. Anachora mstari, anainua kichwa kunitafuta, anachora mwingine, anainua tena. Nikipita upande wa pili wa nyumba alisimama akabadilisha mahali ili anione.

Nilichuchumaa mbele yake. "Mbona unaniambia hivyo kila saa?"

"Ndio usisahau."

Hakulalamika. Alinieleza tu, kwa upole, kama anayemwonyesha mgeni vijiko vinakaa wapi. Na mimi nikayatambua macho yale, maana ni ya beki. Alikuwa ameniweka kichwani mwake, nikienda kushoto yupo, nikienda kulia yupo, na hathubutu kuangalia chini. Kazi hiyo nimeifanya mimi, mtu mzima mwenye kilo zaidi ya mia, na nilikuwa nikimaliza mechi nimechoka hadi siwezi kufungua vifungo. Yeye alikuwa na miaka minne na alianza alipoamka.

Kesho yake mchana nilikwenda naye dukani, nikamwacha acheze kibarazani, nikamwambia mke wangu kila kitu, nikiwa nimesimama kando ya magunia. Kompyuta, Septemba, yule beki mkongwe, pumzi moja kabla ya kubonyeza. Kulikuwa na mama mmoja anangoja unga kwenye kaunta na sikujali. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, mkono wake juu ya mizani.

"Kwa hivyo ukiwa mzima ulikuwa aje?"

"Sijui."

"Hakuna mahali imeandikwa?"

"Hakuna. Kila mahali niliandikisha uongo."

Alimpimia yule mama unga, akamfungia vizuri, akamuaga. Kisha akaketi juu ya kreti ya soda na kuanza kulia, kwa sauti ya chini, akiogopa mteja mwingine asiingie.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Nilikuwa nimeamini. Mbona hukunyamaza?"

Nilimweleza kuhusu mtoto na lile neno lake. Alisikiliza, akajifuta uso kwa aproni, akafunga duka mchana kweupe, akaenda kupanga nguo za mtoto za kwenda Chepsaita.

Sasa naenda Chepsaita kila Jumapili mchana, na mke wangu ndiye anayeendesha gari. Kwa watu wetu mwanamume haketi chumba kimoja na mama mkwe wake. Hiyo ni heshima, na tangu nioe tumeishika. Mama mkwe wangu si wa kabila letu, lakini amekaa jirani na watu wetu miaka mingi, na siku ya mahari yeye mwenyewe alisema ataifuata. Sasa ana sharti la kunichunga, na hapaswi kuniangalia. Amepata njia yake. Anaweka kigoda nje ya mlango wa sebule, ananipa mgongo, anaambua maharagwe na kusikiliza. Nikinyamaza sana anakohoa. Akitaka kunikaribisha anasema akielekea uani: "Baba, chai iko hapo kwa meza." Nami nashukuru nikiutazama mgongo wake. Mwanamke mzima wa watu amegeuzwa mlinzi wangu kwenye nyumba yake mwenyewe, na hata siku moja hajaniaibisha kwa neno.

Jumapili tatu za kwanza binti yangu alikuja kila mara kwenye kiti changu. "Dadi, niko." Nilimjibu namwona, nikamwambia kwamba nyanya yuko mlangoni, hana haja ya kunikumbusha. Alikuwa akigeuka kumwangalia nyanyake, halafu mimi, kama mtu asiye na hakika kwamba zamu yake imekwisha.

Jumapili iliyopita alimwaga visoda, vile vifuniko vya chupa, sakafuni akaanza kuvipanga, vyekundu huku, vya kijani kule. Alipanga mchana wote. Aliimba wimbo wa shule ambao siujui, akavivuruga, akaanza upya. Alikuwa amenipa mgongo. Niliketi nikingoja ainue kichwa, chai ikapoa, mama mkwe akakohoa mara mbili, na yeye hakuinua. Hicho ndicho nilichokuwa nimemtakia, ndicho nilichomtolea kila kitu. Sikuweza kuvumilia. Nikamwita kwa jina lake.

Aliitika bila kugeuka, akaendelea kucheza.