Krusedi ya Majini

Jumamosi, tarehe nane Februari. Theluji imeacha kuanguka lakini baridi inauma masikio. Ndivyo daftari langu la utotoni linavyosema, na hapo naliamini, maana bado nasikia harufu ya jikoni kwetu kule Crystal, ughaibuni: chai ya tangawizi, na mvuke wa pasi ya Kukhu, nyanya yangu aliyetoka Kitale kuja kukaa nasi miezi mitatu, akinyoosha sare yake nyeupe ya akina mama wa kanisa. Mengine sina hakika nayo. Nilikuwa na miaka kumi, na hata baadaye shule sikufika nayo mbali. Lakini kosa lilikuwa langu. Kukhu aliniuliza kesho tunakwenda wapi na masanduku yote yale. Mimi, kama watoto wengi wa huku, nilielewa Kiswahili ila nikajibu kwa Kiingereza, neno moja tu: kruzi, yaani safari ya meli. Yeye akasikia krusedi, mkutano wa injili. “Bwana asifiwe! Ya siku ngapi?” Nikamwonyesha vidole saba.

Sikudanganya, ila sikumsahihisha pia, na sababu naikumbuka vizuri. Kukhu hakutaka kusikia habari za anasa. Angejua ni meli ya kustarehe angekataa kutoka mlangoni, na Mama asingemwacha peke yake kwenye baridi ile. Safari ingekufa. Mama alikuwa akihudumia wazee zamu mbili mbili, na tangu tuhamie sikuwa nimemwona akichukua likizo. Nikafunga mdomo. Kukhu akapakia Biblia na kayamba.

Huko Florida niliiona meli nikadhani ni mtaa. Ghorofa kumi na sita! Lifti za vioo, miti hai ndani, mtelezo wa maji uliojipinda kama utumbo wa ng’ombe. Nilikimbia kila ngazi mpaka nikaumwa mbavu. Honi ilipolia tukielekea Karibea, niliisikia kifuani, nikapiga kelele na watu nisiowajua. Juu kabisa, kando ya bwawa, mwanamume mwenye maikrofoni alikuwa akiwarusharusha watu kwa ngoma za mapipa. Kukhu, ndani ya sare yake, alimtazama kwa makini.

“Nafula, huyu ndiye mhubiri?”

“Hapana, Kukhu.”

“Nami nashangaa. Mhubiri gani na kaptura?”

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote, kwa Kiswahili changu kibovu, huku nikilia: si krusedi, ni matembezi tu, nami nilijua tangu jikoni. Bandari ilikuwa mbali tayari. Akageuka kumtafuta Mama, nami nikajua yamekwisha, atamgombeza na wiki nzima itaharibika. Mama alikuwa kwenye kiti kirefu, mdomo wazi, amelala fofofo juani, bila saa ya kumwamsha.

“Mama yako analala hivi lini?” Kukhu aliuliza.

“Halali hivi.”

“Basi usimguse.” Akanipangusa machozi kwa leso yake, kwa nguvu kidogo. “Wewe nitakuchapa tukifika nchi kavu. Lete kayamba.” Na akaingia katikati ya wale wa kaptura, akawafundisha mdundo wa kanisani, nao wakamfuata!

Nisimsingizie: hakunichapa, na bwawani hakuingia. Huko Kitale husimulia mpaka leo kwamba alihudhuria krusedi ya majini. Akiulizwa waliookoka wangapi, hujibu: mmoja, binti yangu, aliokolewa na usingizi. Siku hizi nami nafanya zamu mbili, kazi ileile ya Mama, na naona utotoni sikujua hata nusu ya nilichokuwa nakilinda. Au labda nilijua kuliko sasa. Sasa mimi ndiye humwamsha asichelewe. Leo theluji imeanguka tena. Jioni tumekula ugali, sukuma wiki na samaki wa kukaanga, na Mama amesinzia na tonge mkononi. Saa yake ya kumwamsha nimeizima.