Kioo cha Lori Juu ya Garaji

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akienda kwenye maji ya moto kando ya ziwa kwa sababu ya magoti yake, na mimi nilimfuata na viazi. Viazi si dawa ya magoti, msinielewe vibaya. Yeye alikaa ndani ya maji, mimi nikafunga viazi katika kitambaa nikavitumbukiza pale yanapochemka, halafu tukala na chumvi, na watu wa mitumbwi wakituomba. Nimesahau mambo mengi ya utoto, hata kile kidogo cha Kurani nilichofundishwa chuoni kwa mwalimu, lakini ladha ya viazi vile sijaisahau.

Nilitaka kusema juu ya macho yake. Alianza kumimina chai nje ya kikombe, akasema kikombe ndicho kimesogea. Halafu akawa anatutambua kwa kikohozi, kila mjukuu na chake. Mwisho akabaki kukaa tu ukutani akiota jua. Basi nilikua nikijua kwamba kwetu macho huondoka mapema, kama kwa wengine zinavyoondoka nywele.

Bon. Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtu mzima, nina mke, nashona maturubai ya malori na viti vya magari hapa Gisenyi. Sikushonea sokoni. Baba yangu alikuwa amejenga garaji ubavuni mwa nyumba, ya mawe meusi ya volkano, kwa ajili ya voiture, gari ya kwake, aliyoitarajia maisha yake yote na haikuja. Alipofariki nikaingiza cherehani humo, maana turubai la lori halienei barazani, na mvua ya kwetu haimwulizi mtu.

Sasa niseme ujinga wetu, na haukuwa wangu peke yangu. Nyumba za Wazungu kule ziwani zilikuwa na mawe meusi yanayong'aa, yamepakwa vanishi. Sisi vanishi tungeitoa wapi? Madereva walinipa mafuta machafu ya injini, na kila Idi ikikaribia nilichukua kitambaa nikazipaka kuta, nje na ndani, mpaka zikang'aa. Majirani walikuja kutazama, wakaenda kupaka za kwao. Nilijivunia kuta zile kuliko kanzu yangu.

Ni katika miaka hiyo uzi ulipoanza kunikataa. Nilikuwa nikiulamba, nakosea tundu, naulamba tena. Mtu wa Mudende, muuza viazi, akanirudishia turubai: mshono umekwenda kombo kama njia ya mbuzi, viazi vyote vimelowa. Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Nikanunua taa ya mafuta ya pili, na nyingine tena. Zilinipa jasho na moshi, karibu zichome kazi ya watu, lakini tundu la sindano sikuliona. Nikasema basi, zamu yangu imefika, nimemrithi bibi.

Mke wangu sikumwambia. Nilifuata mshono kwa kidole gumba, nikidhani haoni. Siku moja alileta chai, akasimama pale na kikombe.

"Toka lini unashona na vidole?"

Nikamjibu kwamba mafundi wakubwa ndivyo wanavyofanya. Hakucheka. Hakujua kwamba nimekwisha zungumza na kaka yake, fundi wa sokoni, aje kuchukua cherehani. Baada ya hapo tungekula nini, sikujua. Kazi nyingine sikufundishwa.

Ndipo lori moja likafia mbele ya nyumba yetu. Dereva wake alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu, ana pengo, Mkristo, maneno mengi. Ekseli imekatika. Akatuma habari kwa tajiri wake, akabaki kungoja. Mke wangu akasema mgeni hawezi kulala ndani ya lori mvua ikinyesha, tukamtandikia garajini juu ya maturubai. Asubuhi alitoka akipapasa mlango.

"Yaya fundi," akasema, maana kwao yaya ni kaka mkubwa, "humu ndani unafuga popo?"

Nikacheka kwa kujilazimisha. Halafu, sijui kwa nini, jambo nililomficha mke wangu nikamwambia yeye: macho yangu yanakufa. Hakunipa pole. Alichukua sindano na uzi, akanivuta mpaka katikati ya barabara.

"Ingiza uzi."

Ukaingia.

"Toa. Ingiza tena."

Ukaingia tena, hata kuulamba sikuulamba.

"Macho iko mazima," akasema. "Garaji yako ndiyo kipofu. Ulipakaa nini ku ukuta?"

Nikamweleza mafuta ya injini, mwaka hadi mwaka, juu ya mawe ambayo tayari ni meusi. Aliketi juu ya jiwe akacheka mpaka machozi, nami nikacheka. Mke wangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Yeye aliingia jikoni, nikasikia sufuria zikigongana. Baadaye alisema neno moja tu: "Ungeniambia, ningekushikia taa." Nalikumbuka mpaka leo.

Tukaanza kazi. Wanawake wa Nyakiriba walituletea ingwa, ule udongo mweupe wa kupakia nyumba. Tulipaka, kesho yake tukaukuta chini, umeteleza kama utando wa maziwa. Mafuta yaliukataa. Donc, ikabidi kusugua mawe yale kwa majivu, sabuni na mchanga wa ziwa: dereva, mimi, na mke wangu amefunga kitenge kiunoni. Maji yaliyotoka yalikuwa kama kahawa. Jirani mmoja akapita, akauliza kama tunaosha maiti.

"Tunaosha kipofu," dereva akamjibu. "Na we zamu yako iko karibu, niliona ukuta yako."

Tukapaka ingwa tena, safari hii ikashika. Kuta zilipokwisha kuwa nyeupe, tajiri wa lori akaja. Akachungulia chini ya gari, akasema limekufa, atauza vyuma. Lori jingine hana. Alichomwachia dereva wake ni kioo cha mbele, kizima, bila ufa. Kioo kama kile mtu wa Gisenyi angekigombania. Dereva akakibeba kichwani mpaka kwetu, akaomba msumeno na patasi. Nikamwambia akiuze, sasa hana kazi, kitamsaidia.

"Nitaendesha kioo bila gari?" akasema, akapanda juu ya paa.

Alikata bati juu ya cherehani, akaweka kioo katika fremu ya mbao, akaziba kando kwa lami. Alipotoa gunia lililokifunika, mwanga ulishuka wote mara moja. Niliona vumbi, niliona maandishi ya dhahabu ya mashine niliyokuwa nimeyasahau, niliona mikono yangu ilivyozeeka. Mvua kubwa ikija, pembe moja huvuja kidogo, tunaweka bakuli, hakuna ubaya. Shemeji alipofika kuchukua cherehani tulimpa chai akaenda zake. Turubai la mtu wa Mudende nililifumua lote nikalishona upya bure.

Chini ya kioo kile nimeshona miaka mingi, watoto wamekula, wameoa na kuolewa. Jina la mtu yule nalitaja kila nikimaliza kuswali. Yeye ni Mkristo, mimi Mwislamu, Mungu atajua dua hiyo aipeleke wapi.

Wakati ule nilijaribu kumshukuru, kila nikifungua mdomo yeye anaanza hadithi ya barabara ya Bukavu. Nikaona bora nimshonee koti la kaki. Nilimaliza mgongo na mikono. Vifungo bado, mke wangu amekwenda kuvitafuta sokoni. Asubuhi hiyo alilivaa vile vile, akasema anapanda mlimani, Kanama, kuuliza kama kuna mtu anatafuta dereva. Nikamwambia angoje vifungo.

"Nitakuja kuvikamata," akasema.

Nikarudi kwenye mshono wangu. Nilipoinua kichwa alikuwa anapita kwenye kona, kwa miguu, koti limefunguka kwa upepo, na hakurudi tena.